Kufuata Mawe: Shajara ya Kupiga Picha Majengo ya Kale Mashambani Uingereza

Oktoba. Mpango

Mradi huu nimeupanga kwa udongo na mawe, si kwa umaarufu wa majengo. Anayesafiri kutoka Devon hadi Norfolk huvuka mikanda kadhaa ya miamba, na kabla reli haijafika katika karne ya 19, kila mkanda ulijengwa kwa kile kilichokuwa chini ya miguu ya wajenzi. Jiwe ni zito. Kulivuta kwa mkokoteni maili kadhaa kulikula fedha kuliko kulichimba. Mfalme, askofu na abasia tajiri waliweza kuagiza jiwe zuri kutoka mbali. Mkulima alijenga kwa alichonacho. Ndiyo maana anayetaka kuijua ardhi ya Uingereza kwa macho aangalie ghala la mkulima kabla ya jumba la bwana.

Kwa hiyo orodha yangu ni ya maghala, mazizi, makanisa madogo, nyumba za wafumaji na za wakulima. Majumba makubwa yana wapigapicha wa kutosha, na yana pesa za kutengenezewa paa. Zizi la mlimani likibomoka, mara nyingi hakuna hata picha moja inayobaki kuonyesha lilivyokuwa.

Kila jengo litapata picha nne. Ya kwanza ni ya mbele, kuta zikiwa wima kabisa. Ya pili ni ya mbali, jengo likiwa na shamba lake, kwa sababu ghala bila shamba halieleweki. Ya tatu ni ukuta kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Ya nne ni maungio: pale nguzo inapokutana na boriti, jiwe na tofali, paa na ukuta. Hiyo ya nne ndiyo ninayoithamini zaidi, maana hapo ndipo fundi alipoumiza kichwa.

Neno kuhusu wima. Ukiinua kamera ili upate paa lote, kuta huonekana zinaanguka kwa nyuma. Natumia lenzi ya milimita 24 inayohamishika: kamera inabaki sawa juu ya stendi yake, lenzi peke yake inapandishwa. Kompyuta inaweza kunyoosha picha baadaye, lakini inakata pembe na kulivuta jengo. Nyumba nyingi nitakazozipiga zimepinda zenyewe kwa karne tano au sita. Nataka mtazamaji awe na hakika kwamba mpindo anaouona ni wa nyumba, si wa kamera.

Kisheria kazi hii ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988, kifungu cha 62, inaruhusu kupiga picha jengo bila kuvunja hakimiliki ya aliyelibuni. Halafu zipo njia za umma, nyingi zikiwa za miguu, takriban kilomita 225,000 katika Uingereza na Wales, zilizochorwa kwa vistari vya kijani kwenye ramani za 1:25,000 za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa. Nyingi hukatiza mashamba, nyingine hupita uani kwa mtu. Hata hivyo nimejiwekea kwamba nitabisha hodi kila mlango, hata pale ambapo sheria hainidai. Ni nyumba za watu.

Oktoba mwishoni. Great Coxwell, Oxfordshire

Nimeanza na ghala kwa makusudi. Hili lilijengwa na watawa wa Kisistersia wa abasia ya Beaulieu, iliyoko mbali kusini katika Hampshire, ambao Mfalme John aliwapa mashamba ya huku. Miti yake ilikatwa karibu na mwaka 1292. Hilo limejulikana kwa kuhesabu pete za miaka ndani ya mbao. Lina urefu wa mita 46 na upana wa mita 13, kuta za mawe ya chokaa na paa la vigae vya mawe. Abasia iliyolijenga ilifungwa na serikali ya Henry VIII mwaka 1538, na kanisa lake kubwa likabomolewa. Ghala lilibaki kwa sababu nafaka ilihitaji mahali pa kukaa, awe nani mwenye shamba.

Ndani kuna safu mbili za nguzo za mwaloni, kila moja imesimama juu ya kitako kirefu cha jiwe ili unyevu wa sakafu usiile. Hakuna mti ambao ungevuka mita 13 kwa pigo moja, hivyo fundi aligawa upana: njia pana katikati, njia mbili nyembamba pembeni. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu ataelewa tatizo hili mara moja. Vyumba vya kule ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Pwani walikubali wembamba wakarefusha chumba; hapa walisimamisha nguzo katikati. Nimekaa muda mrefu chini ya kenchi hizi nikiwaza mafundi wale wawili, kila mmoja akianzia kwenye urefu wa mti alionao.

Kupiga picha ndani ni kazi. Mwanga unaingia milangoni tu na kwenye vitundu vya hewa, na kati ya mlango na giza la juu kuna tofauti kubwa kuliko kamera yangu inavyoweza kushika mara moja. Nilipiga picha kadhaa kwa muda tofauti, kutoka sehemu ya sekunde hadi karibu nusu dakika, kisha nikaziunganisha kompyutani kwa mkono mwepesi. Nimeacha kilele cha paa kikiwa na giza. Ghala hili halikujengwa kwa macho ya watu, lilijengwa kwa ngano kavu, na picha inayoliangaza kila kona inamwonyesha mtazamaji jengo ambalo halipo.

William Morris, msanii na mshairi aliyeishi Kelmscott maili chache kutoka hapa kuanzia 1871, alilipenda ghala hili na kulipa heshima ya kanisa kuu. Mwaka 1877 yeye na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na msimamo wao ulikuwa rahisi: tengeneza kilichovunjika, kidogo kidogo, kila mwaka, usikwangue kuta ili jengo lifanane na unavyodhani lilikuwa zamani. Mwaka 1896 mpigapicha Frederick Evans alikuja Kelmscott akapiga picha za nyumba ya Morris, na katika zile ninazozipenda zaidi ni za darini: mbao tupu, ngazi, mwanga kidogo. Angeweza kubaki sebuleni penye mapambo. Alipanda juu kwenye mbao, na ndicho ninachotaka kukifanya mimi.

Kutoka kwa Morris nimechukua kanuni moja ya kazi: sifuti kitu kwenye picha. Waya wa umeme, pipa la taka, trekta, vyote vinabaki.

Novemba. Lavenham, Suffolk

Kijiji cha mbao. Katika Suffolk jiwe la kujengea ni adimu, mwaloni ulikuwa mwingi, na mwishoni mwa karne ya 15 Lavenham kilikuwa miongoni mwa miji tajiri zaidi nchini kwa biashara ya vitambaa vya sufu vya buluu. Ukumbi wa chama cha kidini cha Corpus Christi, uliojengwa karibu na 1530, bado unatazama uwanja wa soko. Kisha vitambaa vyepesi na vya bei nafuu vikatokea kwingine, soko likaporomoka, na watu wa Lavenham wakakosa fedha za kujenga upya kwa mtindo mpya. Umaskini ndio uliozihifadhi. Leo zaidi ya majengo 300 ya hapa yamo kwenye orodha ya kitaifa ya majengo yanayolindwa.

Mwaloni ulichongwa na kuungwa ukiwa mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu kuliko patasi. Nyumba ikasimamishwa, mti ukakaukia ukutani, ukajikunja na kuvuta maungio. Mpindo wa Lavenham ulianza mapema, wakati wajenzi wenyewe wakiwa hai, na hawakuona ajabu. Fremu zote zilitengenezwa kwanza chini kwenye uwanja wa seremala, kila ungio likachorwa namba za Kirumi, kisha zikabebwa na kusimamishwa mahali pake. Namba hizo bado zipo. Nimezitafuta kwa tochi iliyolazwa karibu na mbao, maana mwanga wa mbele unazifuta kabisa na mwanga wa pembeni unazichomoza.

Kati ya mbao kuna fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, halafu chokaa juu. Msomaji aliyekulia kwenye nyumba ya udongo hahitaji maelezo zaidi.

Jambo moja ambalo picha za watalii zimelipotosha: mbao nyeusi tititi juu ya ukuta mweupe. Hapa Suffolk mwaloni huachwa ubaki wa kijivu, au nyumba nzima, mbao na udongo, hupakwa chokaa ya rangi. Weusi ule mkali unaouona kwenye majengo ya Cheshire kwa sehemu kubwa ni upendeleo wa karne ya 19. Nimepiga Lavenham siku ya mawingu ili kijivu hicho kionekane. Jua kali lingekigeuza cheupe na kivuli kuwa cheusi, na ningerudi kule kule kwenye picha ya kadi ya posta.

Desemba na Januari. Mwanga, na jalidi

Mwezi Desemba, katika latitudo ya Oxfordshire, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 17 juu ya upeo, na saa kumi jioni limekwisha kuzama. Wengi hufunga kamera. Mimi naona huu ndio msimu wa kupiga kuta. Jua la chini linapita juu ya ukuta kwa ubavu, na kila jiwe linapata kivuli chake. Alama za nyundo ya mwashi, ambazo mwezi Juni hazionekani, zinatokea zote. Tena miti haina majani. Nyumba ambayo kiangazi hujificha nyuma ya mialoni ya jirani na miti ya matunda inakaa wazi.

Nimetumia majira haya kufuata vigae vya mawe vya Stonesfield. Kijiji hiki kilitoa vigae vya mapaa mengi ya Oxfordshire na Cotswold, na vilitengenezwa na baridi yenyewe. Mawe yalichimbwa vuli na kuwekwa nje yakiwa na unyevu wake wa shimoni, yakifunikwa yasikauke. Usiku wa jalidi kali maji yaliyomo ndani ya jiwe yaliganda, yakapanuka, na jiwe likapasuka kwenye matabaka membamba ambayo mtu aliyamalizia kwa nyundo. Baridi isipokuja, hakuna vigae mwaka huo. Jiwe likikauka kabla ya jalidi, halipasuki tena. Collyweston, huko Northamptonshire, walifanya vivyo hivyo.

Vigae vikubwa hukaa chini karibu na ukuta na vidogo juu kabisa, na paa lazima liwe na mwinuko mkali kwa sababu vigae hivi si laini na maji yakikawia yanapenya. Kwa hiyo sura ya paa la Cotswold, ile ambayo watu huiita ya kupendeza, imetokana na ukorofi wa jiwe. Nimepata picha ya nne ninayoridhika nayo: pembe ambapo mapaa mawili yanakutana, vigae vimezungushwa kufuata bonde bila kipande chochote cha bati la madini ya risasi.

Arlington Row ya Bibury, vile vibanda vya wafumaji vinavyopigwa picha kuliko vyote katika Cotswold, nimepita tu. Vimepigwa vya kutosha.

Februari. Herefordshire

Mkanda mwingine: jiwe jekundu la mchanga. Kanisa la Kilpeck lilijengwa karibu na mwaka 1140, dogo, na chini ya paa lake pande zote limezungukwa na vichwa vya mawe vilivyochongwa: mbwa, sungura, kondoo, mazimwi, watu wenye midomo wazi, na mwanamke anayejifunua ambaye wageni wote humtafuta. Vimebaki 85. Jiwe la mchanga la kawaida hulika na mvua haraka, lakini waliochagua hili walijua walichokichagua. Baadhi ya michoro ya mlango wa kusini iko kama imetoka kwenye patasi juzi.

Makanisa ya zamani ya Uingereza yanaelekea mashariki, na hilo linampangia mpigapicha ratiba. Upande wa kusini una jua mchana kutwa. Upande wa kaskazini haupati jua kabisa majira ya baridi. Unalipata kiangazi peke yake, alfajiri na jioni sana. Vichwa vya kusini vya Kilpeck nimevimaliza, kila kimoja kwa lenzi ndefu kutoka chini. Vya kaskazini vinasubiri Juni.

Njiani nimesimama Pembridge kuona mnara wa kengele, wa mbao, uliosimama peke yake kando ya kanisa tangu mwanzo wa karne ya 13. Nje unaonekana mnene na wa chini. Ndani kuna msitu wa mbao zilizokatizana, zote zikiwa na kazi moja ya kuzuia mtikisiko wa kengele usiangushe kuta. Nimeupa siku nzima na ningeupa nyingine.

Aprili. Devon

Udongo. Nimeusubiri mkanda huu kuliko yote.

Kusini-magharibi mwa nchi, nyumba za wakulima zilijengwa kwa udongo mtupu uliokandwa na majani ya ngano na maji, ukikanyagwa na watu au ng'ombe, kisha ukarundikwa juu ya msingi wa mawe kwa matabaka. Tabaka moja likauke kwanza, ndipo lingine lipandishwe; ukuta wa ghorofa mbili ungeweza kuchukua msimu mzima au zaidi. Hakuna fremu ya mbao ndani. Unene wa sentimita 60 au zaidi ndio unaobeba kila kitu, na kwa kuwa udongo haupendi pembe kali, pembe za nyumba zimeviringana. Hayes Barton, nyumba aliyozaliwa baharia Walter Raleigh katikati ya karne ya 16, ni ya udongo na paa la majani. Kijiji cha Broadhembury karibu chote ni hivyo.

Watu wa Devon husema nyumba ya udongo inataka kofia nzuri na viatu vizuri, yaani paa lenye upenu mpana na msingi mkavu. Ikipata hivyo inaishi karne nyingi. Kinachoiua ni saruji. Katika karne ya 20 wenye nyumba wengi walipiga lipu ya saruji juu ya udongo wakidhani wanaimarisha. Saruji inapata ufa mdogo, mvua inaingia, na maji hayapati pa kutokea kama yalivyokuwa yakitoka kwenye chokaa. Udongo nyuma yake unarudi kuwa tope, na siku moja kona ya nyumba inakaa chini. Nimepiga picha ghala moja lililoanguka hivyo hivyo: ganda la saruji limesimama, udongo umemwagika nyuma yake. Naiona ndiyo picha muhimu kuliko zote za Devon, na nimeandika maelezo yake kwa urefu, kwa sababu kosa hilo hilo linafanywa leo kwenye nyumba za udongo na za mawe ya matumbawe huko kwetu, kwa nia njema ile ile na kwa saruji ile ile.

Juu ya udongo, majani. Katika baadhi ya nyumba za Devon tabaka la chini kabisa la paa halijawahi kutolewa tangu lilipoezekwa mwishoni mwa zama za kati. Wakati huo hapakuwa na bomba la moshi. Moto uliwaka katikati ya sakafu na moshi ukajitafutia njia juu. Majani yale ya chini ni meusi kwa masizi, na waezekaji wa vizazi vilivyofuata waliongeza mapya juu yake. Ndani ya masizi kuna masuke ya ngano za aina ambazo hazilimwi tena, yamekauka vizuri kiasi kwamba wataalamu wa mimea huyachunguza. Mama mmoja mwenye nyumba aliniruhusu kupanda darini. Sikugusa kitu. Nilitumia taa moja ndogo iliyoelekezwa kwenye ubao mweupe ili mwanga urudi kwa upole, na suke moja limetokea wazi, punje zikiwa zimeshika.

Mei. Norfolk

Gumegume. Mawe haya hutoka kwenye chaki, magumu kupita chuma, na huja kwa mabonge yasiyo na sura. Hayawezi kutoa pembe. Ukitaka kona ya mraba lazima ununue jiwe la kuchonga kutoka mkoa mwingine, na Norfolk halipo. Hilo ndilo elezo linalotolewa mara nyingi kwa minara ya duara ya makanisa ya huku, ambayo Norfolk peke yake inayo zaidi ya 100. Wengine hulipinga wakisema ulikuwa mtindo tu wa nchi zilizo ng'ambo ya bahari ya Kaskazini. Mimi baada ya kuzunguka mingi naona sababu zote mbili zinaweza kukaa pamoja.

Haddiscoe ndio mnara nilioupenda: duara la gumegume kutoka chini hadi juu, na kilele cha miraba miraba kilichoongezwa baadaye. Gumegume likipasuliwa uso wake ni mweusi unaong'aa, na jua likiupiga moja kwa moja picha inajaa vidoa vyeupe. Nimepiga chini ya mawingu, na kichujio cha kukata mng'ao kikiwa mbele ya lenzi.

Juni. Newstead Abbey, Nottinghamshire

Nilisema majumba makubwa hayamo. Hili limeingia kwa sababu moja.

Newstead ilikuwa nyumba ya watawa wa Kiaugustino. Baada ya kufungwa na Henry VIII ilipata mabwana wa ukoo wa Byron, wa mwisho wao kuimiliki akiwa mshairi Byron. Uso wa magharibi wa kanisa la kale umebaki umesimama peke yake: tao kubwa la dirisha, na nyuma yake anga. Kuanzia 1861 jumba lilikuwa la William Frederick Webb, aliyewahi kuwinda Afrika kusini, na rafiki yake David Livingstone alikaa hapa mwaka 1864 na 1865 akiandika habari za safari yake ya Zambezi.

Mwaka 1874, miezi michache baada ya kuufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo kutoka bara, Abdullah Susi na James Chuma waliletwa Uingereza, na wakafika Newstead. Kampuni ya wapigapicha ya Allen kutoka Nottingham iliwapiga picha hapo, wakiwa na watoto wa Livingstone na kasisi Horace Waller, aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za marehemu. Bila maelezo ya Susi na Chuma, Waller asingeweza kueleza mengi ya siku zile za mwisho. Watu wawili waliotembea kutoka Chitambo, kijiji alikofia Livingstone, hadi pwani na maiti begani, wanasimama kwenye bustani ya Nottinghamshire na kutazama lenzi.

Nimefika na picha hiyo mkononi. Sikutaka kuiigiza. Nimepiga uso wa kanisa kama ninavyopiga majengo yote, picha zile nne, na katika maelezo majina yao wawili yameandikwa kwanza, kabla ya Byron na kabla ya Webb. Wageni wengi wa siku ile walikuja kwa ajili ya mshairi. Nilimweleza mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa kando yangu habari za Susi na Chuma; alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nimwandikie majina.

Jioni za mwezi huo huo nimerudi Kilpeck. Jua lilizama saa tatu na nusu usiku, na kwa muda mfupi kabla ya hapo vichwa vya kaskazini vilipata mwanga wa ubavu. Vimekamilika.

Julai. Swaledale, Yorkshire

Kama ningelazimika kubaki na sehemu moja ya mradi, ningebaki na hii.

Bonde la Swaledale limejaa mazizi ya mawe, karibu kila shamba na lake. Mengi yalijengwa kati ya 1750 na 1850. Mpango wake ni wa akili sana. Majani ya kiangazi yalikatwa na kuwekwa kwenye zizi la shamba lile lile, ghorofani. Baridi ilipokuja, ng'ombe wachache walifungwa chini, wakala majani yaliyo juu yao, na samadi yao ikamwagwa kwenye shamba lile lile masika. Hakuna kilichobebwa mbali, si majani wala mbolea. Aliyetembea ni mkulima, mara mbili kwa siku, kutoka zizi hadi zizi, kwenye theluji.

Kuta ni tabaka mbili za mawe, kifusi katikati, na kila baada ya kimo fulani mawe marefu yamepita kutoka upande mmoja hadi mwingine kuzifunga pamoja. Ncha zake huachwa zikichomoza nje kwa mistari. Kwa mbali zinaonekana za mapambo, na jua la asubuhi linapolala ukutani kila ncha inatupa kivuli kirefu. Nimepiga mazizi ya Muker na Gunnerside kutoka kwenye njia za miguu, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya ukungu kupanda. Majani hayakuwa yamekatwa bado, na maua ya shambani yalifika magotini. Njia ni nyembamba na watu wa huku wanaomba upite mmoja mmoja, mfuatano. Majani yaliyokanyagwa ni chakula cha ng'ombe kilichopotea.

Sasa ng'ombe hukaa kwenye mabanda makubwa ya chuma karibu na nyumba, na majani hufungwa kwenye plastiki. Zizi la shambani halina kazi. Mwaka 1989 sehemu hii ya bonde ilitangazwa eneo la hifadhi kwa ajili ya mazizi na kuta zake, na baadhi yametengenezwa. Mengine paa limefunguka upande mmoja, na paa likifunguka ukuta haudumu: maji yanaingia kwenye kifusi cha katikati, yanaganda, yanasukuma. Ni jalidi ile ile iliyopasua vigae vya Stonesfield.

Mzee mmoja aliyefuga hapa maisha yake yote alisimama nami ukutani. Nilimuuliza kama angependa mazizi yageuzwe nyumba za kuishi, jambo linalobishaniwa sana bondeni. Alisema angependa vijana wa bonde wapate pa kuishi, na angependa pia mazizi yabaki mazizi, na kwamba hajui njia ya kuyapata yote mawili. Nimemuuliza majina ya mazizi tuliyoyaona. Kila moja lilikuwa nalo, na mengi hayapo kwenye ramani yangu. Nimeyaandika yote jinsi alivyoyatamka, kila jina chini ya picha yake.

Agosti. Hali ya kazi

Mikanda iliyokwisha: mawe ya chokaa ya Oxfordshire na Cotswold, mbao za Suffolk, jiwe jekundu la Herefordshire, udongo wa Devon, gumegume la Norfolk, mawe ya Swaledale. Matofali sijayagusa. Nayataka yale ya wakati wa kodi ya matofali, kati ya 1784 na 1850, kodi iliyotozwa kwa idadi, hivyo watengenezaji wengine wakafanya tofali kubwa zaidi. Pamoja nayo nitatafuta madirisha yaliyozibwa ili kukwepa kodi ya madirisha iliyodumu kutoka 1696 hadi 1851, ingawa mengine yalizibwa kwa ajili ya ulinganifu wa ukuta tu na itabidi niyachunguze moja moja.

Nimekuwa pia nikisoma walionitangulia. Benjamin Stone, mbunge wa Birmingham, alianzisha chama cha kumbukumbu ya picha ya taifa mwaka 1897. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, mabomu yakianguka, serikali iliunda ofisi ya kukusanya picha za majengo kabla hayajateketea, na mkusanyiko huo ndio mzizi wa hifadhi kubwa ya picha iliyoko Swindon leo. Kuanzia 1999 wapigapicha wa kujitolea walizunguka nchi kupiga kila jengo lililo kwenye orodha ya ulinzi, wakafikisha picha zaidi ya 300,000. Orodha ina takriban maingizo 400,000, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni ya daraja la pili, yaani la chini. Mazizi na vibanda vyangu vingi vimo humo. Vingine havimo kabisa.

Hivyo msimu ujao nitaanza na visivyomo. Mzee wa Swaledale amenipa orodha ya mazizi matatu ambayo paa lake halitavuka baridi mbili, na mwenye shamba amekubali niingie ndani. Nitakwenda Novemba, majani yakishakatwa na ng'ombe wakishaondoka. Maelezo ya picha zote nayaandika kwa Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza. Ya Devon yamekamilika, na fundi mmoja wa chokaa aliyeko Zanzibar anayapitia kabla sijayatoa.